Programu na iitike kwanza

Mwaka jana niliitwa kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Droo ya pesa ilikuwa imepungua mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na dada wa kaunta alikuwa amekwisha kukatwa mshahara kwa ile mara ya kwanza. Mwenye duka alitaka niikague programu ya mauzo nimwambie nani anaiba. Programu yenyewe niliiandika mimi.

Nikasimama nyuma ya kaunta nikatazama. Akaja fundi mwashi, bodaboda inamngoja nje na injini inanguruma, anataka mifuko kumi ya simiti. Dada akaandika s-i-m-i-t-i. Skrini ikaonyesha s. Akangoja. Herufi tano zilizobaki zikatoka zote kwa mkupuo, orodha ya bidhaa ikaruka juu na chini, ikatulia. Akachagua, akaandika kumi, akabonyeza kitufe cha kuuza. Kimya. Kitufe hakikubadilika rangi, hakikuzama, hakikuonyesha dalili yoyote kwamba kimeguswa. Akabonyeza tena. Baada ya muda ikatoka risiti ya mifuko kumi, na nyuma yake ikatoka nyingine ya mifuko kumi. Ile ya pili aliikunja akaitupa kikapuni akidhani printa imerudia. Fundi mwashi alilipia kumi, akaondoka na kumi. Programu iliandika ishirini.

Nikamuuliza kama jambo hilo hutokea mara nyingi. "Fundi, hii mashine hainisikii," akasema. "Lazima niiambie mara mbili."

Mwizi hakuwepo. Palikuwa na sekunde mbili za kimya kati ya kidole na skrini, na mtu mmoja aliyekuwa akizilipia kutoka kwenye mshahara wake. Mwenye duka alimrudishia pesa zake jioni ile ile, na mimi nikarudi nyumbani na aibu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Wengi wetu tunaoandika programu huku tunafanyia kazi kompyuta mpya, halafu tunazipeleka kwenye kompyuta zilizokwisha kutumika miaka kumi huko Ulaya kabla ya kufika Kampala. Malalamiko yakija, tunajadiliana juu ya kupunguza: tuondoe utafutaji wa papo kwa papo, tuondoe picha, tuondoe mapendekezo, turudi kwenye skrini tupu yenye visanduku vinne. Au tunamwambia mteja anunue mashine mpya. Mjadala mzima unakaa kwenye mizani hiyo, upande huu wepesi na upande huu vipengele vizuri, kana kwamba kila ukiongeza huku lazima upunguze kule. Kwa yale niliyoyaona kwenye kaunta ile, mizani hiyo si ya kweli. Kuna mambo mawili tunayaita kwa jina moja la kasi, na tukiyatenganisha sehemu kubwa ya ugomvi inakwisha.

Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili akiitwa na mkubwa huitika kwanza: naam, au abee. Kazi anayotumwa inaweza kuchukua saa nzima, kwenda kisimani na kurudi, lakini kuitika hakungoji kazi. Asiyeitika huitwa tena, kwa sauti ya juu zaidi. Kasi ya kazi ni jambo moja, kuitika ni jambo jingine. Kompyuta kuukuu inaweza kuchelewa kwenye kazi na mtu akavumilia, kwa sababu anaona kwamba amesikika. Ikichelewa kuitika, ataita tena, na hapo ndipo mifuko kumi inapokuwa ishirini.

Wataalamu wamelijua hili kwa muda mrefu. Robert Miller wa IBM aliandika mwaka 1968 juu ya muda ambao mtu anaweza kuingoja kompyuta kabla fikra zake hazijakatika. Mwaka 1993 Jakob Nielsen akavifupisha vipimo hivyo kuwa vitatu ambavyo bado vinatumika: ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde mtu huona jambo limetokea papo hapo, hadi sekunde 1 huona kuchelewa lakini mawazo yake hayapotei, ikifika sekunde 10 ameshageukia jambo jingine. Kwa kurasa za wavuti, Google tangu Machi 2024 inapima jinsi ukurasa unavyoitikia mguso, na inauhesabu kuwa mzuri ukiwa ndani ya milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Tangu 1968 kompyuta zimeongezeka nguvu kupita kiasi cha kueleza, na vipimo hivi havijasogea, kwa kuwa vinampima binadamu. Dada wa Busia ana subira sawa na mhandisi wa California. Kilicho tofauti ni mashine iliyo mbele yake.

Na mashine ile, nilipoikalia usiku na kuipima, haikuwa na kosa nililoisingizia.

Ilikuwa Dell OptiPlex 780, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea) ya gigabaiti 2, diski ngumu ya kuzunguka, na kichakataji cha Core 2 Duo E8400 kilichotoka mwanzoni mwa 2008. Kichakataji hicho hupiga mizunguko bilioni 3 kwa sekunde. Duka lina bidhaa kama 6,000. Tuseme kila jina lina herufi 30, jumla ni herufi 180,000. Hata ukitumia mizunguko kumi kwa kila herufi, kuyapitia majina yote ni mizunguko milioni 1.8, yaani hata milisekunde moja haifiki. Mashine iliyoitwa kuukuu ingeweza kutafuta simiti kwenye duka zima zaidi ya mara elfu moja ndani ya sekunde moja.

Sasa zile sekunde mbili zilitoka wapi? Zilitoka kwangu. Kwa kila herufi, programu yangu ilikwenda kwenye hifadhidata iliyo diskini na kuuliza upya, kwa namna ya kutafuta katikati ya jina ambayo faharasa ya kawaida haiwezi kuisaidia. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua kama milisekunde 10 au zaidi kila inapobidi kichwa chake kihame, kwa hiyo kwa sekunde nzima inafika sehemu kama mia moja hivi, basi. RAM nayo ilikuwa imejaa, kwa sababu dada alikuwa amefungua kivinjari chenye vichupo vitano. Mfumo ukawa unahamishia yaliyozidi kwenye diski ile ile. Majibu yalipopatikana, niliichora orodha yote upya, kila mstari na kipicha chake na kivuli chake kinachofifia taratibu. Kwenye kompyuta yangu yenye SSD, yaani diski isiyozunguka, na RAM ya gigabaiti 16 kivuli kile kilipendeza sana. Na yote hayo, kusoma diski, kuchuja, kuchora, niliyaweka kwenye uzi mmoja wa kazi, ule ule unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi. Ni sawa na nyumba ambayo anayefungua mlango ndiye anayepika: mgeni atabisha hodi mpaka wali uive.

Marekebisho yalinichukua siku tatu, na sikubadilisha chombo hata kimoja. Majina na bei zote husomwa mara moja programu inapofunguliwa asubuhi, zikakaa kwenye RAM. Kwa herufi 180,000 hata megabaiti moja hazijazi. Herufi huonekana kwanza kabla ya jambo lolote. Utafutaji hungoja kidole kitulie kwa milisekunde 150, na herufi mpya ikija kabla kazi haijaisha, ile ya zamani hukatishwa. Huchorwa mistari 12 tu inayoonekana, siyo 6,000. Picha huja baadaye kama nafasi ipo. Kitufe cha kuuza hubadilika rangi mara tu kinapoguswa, na kila muamala hupewa namba yake tangu fomu inapofunguliwa, kwa hiyo namba ile ile ikifika mara mbili huhesabiwa mara moja. Hilo la mwisho ningelifanya hata kama mashine ingekuwa mpya ya jana. Programu inayogusa pesa za watu isiyokuwa na kinga hiyo, kwangu mimi bado haijakamilika.

Utafutaji wa papo kwa papo haukuondolewa. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaosema dawa ya kompyuta kuukuu ni programu kavu. Niklaus Wirth, Mswisi aliyeunda lugha ya Pascal, alilalamika mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko vyombo vinavyozidi kuwa na kasi, na sehemu ya lawama akaitupia vipengele vinavyorundikwa bila kuuliza nani anavihitaji. Nakubaliana naye juu ya ugonjwa. Lakini sikubali kwamba kila kinachoonekana kuwa cha ziada ni ziada kwa kila mtu.

Duka lile bidhaa zimeandikwa kwa Kiingereza cha kiwandani, kama zilivyokuja kwenye ankara. Wateja wanakuja na Kiswahili, Kisamia, Kiteso, Kiganda. Mmoja anasema simiti, mwingine sementi, na mwalimu wa shule atasema saruji. Mmoja anataka bati, mwingine mabati, na wa tatu anataja namba ya unene peke yake. Dada anaandika alichosikia, na programu inambahatishia. Mtu aliyefundishwa kazi kwa miezi sita akashika namba za bidhaa kichwani anaweza kuishi bila msaada huo. Anayeshika kaunta baada ya mafunzo ya asubuhi moja hawezi. Kwa hiyo pale ambapo mashine ni dhaifu na mafunzo ni mafupi ndipo kipengele cha namna hii kina thamani kuliko popote. Kukiondoa kwa jina la wepesi ni kumtwisha mtu mzigo ambao kompyuta ingeubeba kwa chini ya milisekunde moja. Kivuli kinachofifia, hicho kiende.

Wanaoandika programu wana mfano mzuri zaidi ya wangu. Atom na Visual Studio Code ni vihariri viwili vya kuandikia programu vilivyojengwa juu ya msingi mmoja, Electron, unaobeba kivinjari kizima ndani yake. Msingi huo ni mzito, hakuna anayebisha. Atom ililalamikiwa kwa uzito kwa miaka na ikazikwa rasmi tarehe 15 Desemba 2022. Visual Studio Code iliziweka programu-jalizi zote kwenye mchakato wa pembeni, ili jalizi mbovu ikikwama, aliye kwenye kibodi aendelee kuandika. Zipo sababu nyingine zilizoifikisha kila moja ilipofika, lakini uamuzi ule wa nani apishe nani unaonekana kila ukiandika.

Lipo wazo jingine ambalo huvutia: programu ijipime yenyewe, ikijikuta kwenye mashine dhaifu ipunguze mapambo. Mwaka 2014 Facebook walitoa maktaba, yaani furushi la msimbo, ya simu za Android iliyoigawa simu kwa mwaka, yaani simu hii ingehesabiwa kuwa ya daraja la juu mwaka gani, ili programu ijue iibebeshe kiasi gani. Nimelijaribu wazo hilo na nimejifunza mpaka wake. Siku moja mteja wa Tororo alinipigia simu amekwama. Nikamwambia abofye kitufe cha kijani kilicho chini kulia. "Hakipo, Fundi." Kwangu kilikuwepo, kwake programu ilikuwa imeamua kukificha kwa sababu mashine yake ina RAM ndogo. Tulizunguka dakika ishirini, kwa salio lake. Tangu hapo kanuni yangu ni kwamba mashine dhaifu inaweza kukosa vivuli, mijongeo na picha, lakini kila kitufe kikae pale pale kilipo kwa wengine wote. Watu wetu hufundishana kazi kwa kuelekezana, huyu akamwonyesha yule, na programu yenye sura mbili inauvunja ufundishaji huo. Isitoshe, simwamini sana anayekisia kwa kusoma sifa za chombo. Mashine yenye RAM ya kutosha na diski iliyochoka itakudanganya. Pima ucheleweshaji wenyewe: mchoro wa kwanza umechukua milisekunde ngapi?

Kwa mwenye duka anayesoma hapa na ana shilingi chache za kutumia: kabla ya kununua kompyuta nyingine, muulize fundi wako bei ya SSD na ya kuongeza RAM. Diski ya kuzunguka inayofika sehemu mia moja kwa sekunde ikipisha SSD inayofika makumi ya maelfu, mashine ile ile utaidhani ni nyingine. Mafundi wa mitaani wanalijua hili kuliko wauzaji.

Siwezi kuitetea mashine kuukuu kwa kila jambo. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida vichakataji kuanzia kizazi cha 8, vilivyoanza kuuzwa 2017. Kompyuta nyingi ninazozihudumia hazifiki hapo. Mashine isiyopata masasisho ya usalama na ambayo inashika pesa za duka ni hatari ya kweli, na wepesi wa programu yangu hauitibu. Nne kati ya mashine hizo nimezihamishia Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, ya toleo jepesi, zinafanya kazi. Mbili wenyewe walikataa, kwa sababu mhasibu wao anatumia programu inayotaka Windows. Vilevile serikali yetu ilipotangaza kwenye bajeti ya mwaka 2009 kuzuia kompyuta zilizotumika zisiingizwe nchini, hoja ya taka za elektroniki ilikuwa na uzito na bado inao. Lakini zimo madukani mpaka leo na zitaendelea kuwemo, kwa sababu ndizo ambazo mwenye duka anazimudu. Na mashine ambayo programu nyepesi imeiongezea miaka mitatu ya kazi, kwa miaka hiyo mitatu haijawa taka.

Jambo linalonisumbua zaidi liko juu ya maduka. Kila mwaka shughuli nyingi za lazima zinaingia kwenye kompyuta. Tangu Januari 2021 mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya VAT anatakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Vituo vya afya vinatuma taarifa za mwezi kwa mtandao, shule zinasajili watahiniwa kwa mtandao. Tangu Julai 2021 kila bando la intaneti limebeba ushuru wa asilimia 12 juu yake, kwa hiyo hata ukurasa mzito una bei. Kompyuta kuukuu iliyo mbele ya karani haikuchaguliwa naye, na kazi aliyopewa haiwezi kungoja inunuliwe nyingine.

Nimewahi kusoma mikataba kadhaa ya kutengenezewa programu, ya taasisi ndogo na za wastani. Zote zinaorodhesha kwa urefu programu itafanya nini. Sijakuta hata mmoja unaosema itaitika kwa muda gani, na kwenye mashine ipi. Mjenzi anaionyesha kazi yake kwenye kompyuta yake mwenyewe, ukumbini, projekta ikiwaka, wakubwa wanapiga makofi, malipo yanatoka. Karani wa Butaleja au Namayingo anaipokea wiki mbili baadaye kwenye mashine ambayo haikuwepo ukumbini. Kinachohitajika ni sentensi moja kwenye mkataba: kwenye kompyuta hii hapa, iliyoletwa kutoka ofisi itakayotumika, huku kivinjari kikiwa wazi, kila herufi ionekane ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na malipo ya mwisho yangoje kipimo hicho. Haigharimu kitu kuiandika. Anayeona ni sharti kali na akaketi kwenye kiti cha karani huyo kwa asubuhi moja ya mwisho wa mwezi.

Mimi nilinunua OptiPlex yangu mwenyewe, ya aina ile ile, RAM gigabaiti 2, diski ya kuzunguka. Iko mezani kushoto kwangu, na hakuna kinachotoka kabla hakijapita humo.

Wiki hii dada wa Busia ameniomba kitu kipya. Anataka anapoandika jina la bidhaa aone pale pale kiasi kilichobaki stoo, na kilicho njiani kutoka kwa msambazaji, ili asimwambie mteja arudi kesho kwa kitu ambacho hakiji. Ni ombi la maana, litampunguzia simu kumi kwa siku. Nimelijenga Jumatatu. Kwenye OptiPlex herufi inaonekana baada ya milisekunde 70 mashine ikiwa imetulia. Programu ya kuzuia virusi inapoanza kuikagua diski, inapanda hadi 340. Nimemwambia bado sijamaliza.